Nyumba za wazee juu, maduka chini: uliza kwanza ardhi ni ya nani

Swali la msomaji wa Lubumbashi: "Ninauza unga na mafuta mbele ya parsele (kiwanja cha nyumba) ya baba yangu. Yeye ana miaka 74, alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, mpaka walipopunguza watu. Juzi komini, serikali yetu ya mtaani, ilituita mkutanoni. Kuna tajiri anataka kujenga nyumba 40 za wazee kwenye uwanja wa mpira ulio kando ya soko letu dogo: maduka chini, upande wa barabara, na wazee ghorofa ya juu. Wanasema biashara ya kartiye (mtaa) itapanda na vijana watapata kazi. Tumepewa wiki mbili za kutoa maoni, pamoja na karatasi ya kuweka sahihi. Tena kuna watu wanamshawishi baba aachie parsele yake, apewe nyumba pale. Je, tukubali au tukatae? Na mimi nilipie duka mapema kama wanavyosema?"

Jibu:

Mama, msiukatae mradi huu. Lakini karatasi ile isiwekewe sahihi hata moja mpaka mmeonyeshwa hati za uwanja na mkataba kati ya komini na huyo tajiri. Na mzee asiachie parsele yake, kwa ahadi yoyote ile. Nitaeleza kwa nini, nikianza na wazee wenyewe, kwa sababu mikutano ya namna hii huzungumzia maduka kwa saa nzima na wazee kwa dakika tano.

Lubumbashi ilijengwa kwa ajili ya kazi. Union Minière, kampuni ya shaba iliyokuja kuwa Gécamines, iliundwa 1906, mji ukafuata 1910, na kwa miaka mingi mfanyakazi alipata nyumba ya kampi, posho, hospitali na shule ya watoto kutoka mkono uleule uliomlipa mshahara. Nyumba ilifuata kazi. Mtu akitoka kazini, alitoka na kampi pia, na ndiyo maana familia nyingi zilihangaika kutafuta parsele katika komini za Katuba, Kenya au Ruashi kabla nguvu hazijaisha. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi, kampuni ikaanza kushuka, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa "kuondoka kwa hiari" uliogharamiwa kwa pesa za Benki ya Dunia. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule leo amevuka 70. Kizazi kizima kimezeeka kwa pamoja, na mji haujakijengea karibu chochote. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 48 kwamba makao ya heshima, maji na umeme ni haki, na cha 49 kinawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Kwa hiyo komini inapopokea mpango wa nyumba za wazee, inafanya jambo ililopaswa kulifanya zamani. Ningehuzunika kuona watu wa kartiye wakilizima kwa hasira tu.

Sasa ardhi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote, kama uwanja wa mpira, soko au shule, iko katika fungu la umma, na haiwezi kupewa mtu binafsi mpaka iondolewe katika fungu hilo kwa uamuzi ulioandikwa na wenye mamlaka hiyo. Neno la burugumesta, mkuu wa komini, mkutanoni halitoshi, wala barua ya shefu wa kartiye. Swali lenu la kwanza liwe hili: uwanja wetu umeondolewa katika fungu la umma lini, kwa uamuzi namba ngapi, na nani aliutia sahihi? Hati ikionyeshwa, chukueni namba yake mwende nayo kadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi) na kwa mtunza hati za ardhi, muulize kama ramani inalingana na ardhi yenyewe. Ikiwa hakuna hati, mradi haujaanza kuwapo kisheria, na sahihi zenu zitatumika baadaye kuonyesha kwamba kartiye iliridhia.

Swali la pili linamhusu mzee wako moja kwa moja. Sheria hiyohiyo inagawa haki za ardhi katika aina mbili. Konsesyo (haki ya kutumia ardhi) ya milele hupewa mtu, raia wa Kongo. Kampuni, hata ikiwa ya Mkongomani mwenzetu, hupewa konsesyo ya kawaida, ambayo katika sura zake kubwa haizidi miaka 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Sasa tazama biashara anayoshawishiwa baba yako: atoe parsele ambayo ni yake na ya watoto wake baada yake, apokee chumba ndani ya jengo lililosimama juu ya haki ya miaka 25 ya mtu mwingine. Kampuni ikianguka, ikiuza, au miaka ikiisha bila kufanywa upya, yeye au wajukuu zake watamlilia nani? Hakuna anayeweza kumpa mwenzake haki kubwa kuliko aliyo nayo mwenyewe. Mzee akitaka kuishi pale, aingie kama mpangaji mwenye mkataba, na parsele ibaki. Anaweza kuikodisha, na kodi ya parsele ikalipa kodi ya nyumba mpya. Na kama mkononi ana kile kitabu cha zamani cha mwenye nyumba tu, livret de logeur, au fishi (karatasi ya parsele) ya komini, mwanzeni sasa hivi kuomba sertifika, yaani hati kamili ya ardhi, kwa jina lake, akiwa hai na akili ikiwa timamu. Nimeona familia nyingi zikigombana mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka, kwa sababu ya karatasi ambayo ingetafutwa kwa utulivu miaka kumi kabla.

Tuje kwenye maduka, maana hapa ndipo mradi utakapofaulu au kufa.

Nyumba 40 za wastaafu haziwezi kulisha safu ya maduka. Mzee mwenye pansioni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hununua unga kidogo, samaki, sabuni, makaa, dawa, na kadi ya simu. Mteja wa kweli wa maduka hayo ni mtu anayepita barabarani na anayekuja sokoni. Kwa hiyo soko lenu dogo likivunjwa au likifungiwa njia ili maduka mapya yaonekane vizuri, yule aliyewavuta wateja atakuwa amefukuzwa, na maduka yatakaa na milango imefungwa. Mradi mzuri ungeacha soko mahali pake, uliwekee paa, mtaro wa maji machafu na choo, kisha ujenge maduka yanayolitazama. Usimamizi wa masoko ya komini ni kazi ya komini yenyewe kwa sheria ya 7 Oktoba 2008 ya miji, komini na maeneo mengine yanayojitawala, kwa hiyo burugumesta hawezi kusema hilo haliko mikononi mwake.

Kabla mashine ya kwanza haijaingia, komini iandike orodha ya kila anayeuza pale sasa: jina, bidhaa, ukubwa wa meza, tangu mwaka gani. Orodha ibandikwe ukutani wiki moja ili aliyesahauliwa ajitokeze, kisha itiwe sahihi na kamati ya soko. Wauzaji hao wawe wa kwanza kuchagua nafasi mpya. Bila orodha hiyo, siku ya kugawa funguo watatokea wauzaji ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Dai pia ukubwa wa vyumba. Msanifu akichora maduka makubwa kumi, wateja wake ni wafanyabiashara wa jumla wanaoshusha magari ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na hao wataua meza yako ya unga ndani ya miezi michache. Akichora vyumba vidogo vingi, vya mita tatu kwa tatu hivi, ataingia mshonaji, muuza dawa, mwenye mashine ya kusaga, wa kubadilisha pesa, na wewe. Sheria ya 2 Agosti 1979 iliiweka biashara ndogo kwa ajili ya Wakongomani peke yao. Komini ikumbuke hilo inapoandika masharti, badala ya kulikumbuka wakati wa kutoza patente (ada ya leseni ya biashara) tu.

Lakini ninalotaka mlishikilie kuliko yote ni pesa ya maduka. Nyumba za wazee hujengwa kwa pesa ya siku moja na huishi kwa pesa ya kila mwezi: mlinzi, maji ya REGIDESO au pampu ya kisima, taa za uani, bati linalovuja Januari, kufuli, mtu wa kufagia, mtu wa kumwona mzee ambaye hajafungua mlango mpaka saa nne. Hiyo pesa itatoka wapi? Mkisikia jibu "kodi ya wazee", jueni hesabu haikufanywa. Pansioni inalipwa kwa franka, na nyumba za mji huu zinatozwa kwa dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930, na kufikia 2024 ilikuwa imefika karibu 2,800. Mstaafu aliyeweza kulipa chumba mwanzoni, kama pansioni yake haikupanda, mwishoni angeweza kulipa karibu theluthi tu ya chumba hicho, huku yeye hakubadilisha kitu maishani mwake.

Maduka ndiyo yatakayobeba wazee, na lazima hilo liandikwe kwenye daftari la masharti, kwa kiasi. Mimi ningeanza mazungumzo na theluthi moja ya kodi ya maduka kuingia akaunti ya pekee ya benki, kwa ajili ya matengenezo na huduma za wazee tu, na pesa isitoke bila sahihi mbili, mojawapo ikiwa ya mjumbe waliyemchagua wazee wenyewe. Tajiri atapunguza, nanyi mtavutana. Lakini akikataa kabisa kuunganisha maduka na wazee kwa maandishi, basi jueni anachokitaka ni uwanja ulio kando ya barabara, na neno "wazee" limewekwa mbele ili ombi lipite haraka. Kodi ya wazee iandikwe kwa franka na isipande kuliko pansioni inavyopanda. Garanti, pesa ya dhamana anayoweka mpangaji, nayo ina kikomo: sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Akidai sita, mwonyesheni sheria.

Nani ataingia? Hili lisiachwe kwa "tutaona baadaye". Mjane wa mwalimu, mstaafu wa reli (SNCC) asiye na mtoto mjini, mama mzee anayelea wajukuu sita: hao wawe na nafasi yao kwenye masharti, na watu wa kartiye inayotoa uwanja wawe na sehemu inayojulikana. Vinginevyo baada ya mwaka mmoja nyumba "za wazee" zitakaliwa na vijana wenye magari, kwa jina la shangazi aliyeko kijijini.

Na jengo lenyewe. Wazee juu na maduka chini ni makosa, Mama, na semeni hivyo waziwazi mkutanoni. Lifti inategemea umeme wa SNEL, na wewe unajua umeme huo. Maji yakikosa nguvu ya kupanda, mzee wa miaka 74 atabeba ndoo kwenye ngazi. Maduka yakae upande wa barabara, nyumba za wazee zikae chini pia, upande wa nyuma, zikizunguka ua ulio na kivuli, na ghorofa wapewe watu wenye magoti mazima: manesi, walimu, ofisi. Mlango wa mzee uwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Palipo na kizingiti cha sentimita 10, mteremko wake uwe na urefu wa sentimita 120, sio ule mfupi wa kupandishia pikipiki. Choo kiwe ndani, chenye chuma cha kushika ukutani, na sakafu isiteleze ikilowa.

Kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo mchoro ulionunuliwa kutoka mji wa joto hautayajua. La kwanza ni baridi. Tuko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya digrii 10. Wazee wengi hukohoa mpaka Agosti. Msimu huo jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba cha kulala kikiwa na dirisha la kaskazini na dari chini ya bati, kitahifadhi joto la mchana bila gharama yoyote ya umeme. Mwulizeni msanifu kaskazini iko wapi kwenye karatasi yake. La pili ni vichuguu. Uwanja wa mpira mara nyingi ulisawazishwa kwa kukata kichuguu kikubwa, na wazee wa kartiye wanakumbuka kilikuwa pembe gani. Udongo wake ni mfinyanzi mzito, ndiyo maana tunafyatulia matofali mazuri. Lakini msingi ukikalia nusu kichuguu na nusu udongo wa kawaida, mvua za Novemba zitauvimbisha upande mmoja, na ufa utapanda ukutani kutoka pembe ya dirisha kabla ya msimu wa pili. Mpelekeni mzee wako na wenzake uwanjani wamwonyeshe injinia. Ushahidi wao utapunguza gharama kuliko mashine nyingi.

Kama uwanja uko karibu na kiwanda cha kusafisha madini au njia ya magari ya madini, ongezeni sharti la kupima udongo na vumbi. Watafiti wa chuo kikuu chetu, UNILU, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamechapisha tangu 2009 vipimo vinavyoonyesha kobalti nyingi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inataka miradi inayoweza kudhuru mazingira ifanyiwe uchunguzi kwanza, na watu wasikilizwe kwa utaratibu. Ulizeni kama huu umepimwa kwa sheria hiyo, na majibu yako wapi.

Juu ya kazi za vijana, fupi tu: ahadi ya mdomo haina kazi ndani yake. Sheria ya 8 Februari 2017 inaweka kazi ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine (sous-traitance) mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi. Waashi, maseremala na wafyatua matofali wa kartiye wajiunge, wajisajili, na majina yao yawe mezani kabla ya mkataba.

Jinsi ya kujibu ndani ya hizi wiki mbili: andikeni barua moja kwa burugumesta, nakala kwa meya na kwa ofisi ya urbanizimu (mipango miji). Semeni mnaunga mkono nyumba za wazee, kisha muweke masharti: hati ya kuondoa uwanja katika fungu la umma, daftari la masharti lisomwe hadharani, orodha ya wauzaji, wazee chini, sehemu ya kodi ya maduka kwa wazee, na mahali pengine pa watoto kuchezea mpira, maana watoto hawakualikwa mkutanoni na uwanja ni wao. Ombeni siku 30 zaidi. Barua ipelekwe na watu watatu, na mrudi na kopi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Hiyo kopi itunzeni nyumbani kwa watu wawili tofauti.

Na duka lako: usilipe franka moja sasa. Mpaka kuwe na kibali cha kujenga, hakuna duka la kuuzwa wala kukodishwa. Siku kibali kitakapokuwapo, lipa benki kwa jina la kampuni, sio mkononi mwa mjumbe, na udai mkataba wa kupangisha wa biashara. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu Septemba 2012, na sheria zake zinakulinda vizuri kuliko wengi wanavyojua: ukishafanya biashara ndani ya duka hilo miaka miwili, unayo haki ya kuomba mkataba ufanywe upya, na mwenye nyumba akikataa bila sababu inayotambuliwa na sheria atakulipa fidia. Lakini ikiwa mkataba una tarehe ya mwisho, ombi lako liwe la maandishi na limfikie angalau miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo. Ukichelewa, haki inapotea. Iandike tarehe hiyo ndani ya daftari lako la madeni, ukurasa wa kwanza, siku ileile utakayopewa ufunguo.